Mtunzi Hasemi

Askari aliishika ile kete nyekundu kwa vidole viwili, akaigeuza juu chini, akauliza, "Na huyu ni nani?"

"Mlinzi," alijibu Karani.

Hapo ndipo alipojimaliza. Angesema ni kipande cha mti tu, labda mambo yangekwenda vingine. Lakini Karani alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa, si zaidi wala pungufu, na kwa miaka mingi tabia hiyo ndiyo iliyomlindia kazi yake ya ukarani kwenye ghala la vifaa vya umeme. Asubuhi ile ilimponza.

"Mlinzi gani?"

"Mlinzi wa ghala."

"Na hawa weusi?"

"Wezi."

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja akimrekebishia gauni, pini mdomoni. Alizitoa mojamoja akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, maana alihisi atazimeza. Mteja hakuthubutu hata kukohoa. Gauni lilikuwa limeshikizwa kwa pini kila upande, na akijitikisa tu zinamchoma.

Juu ya meza ya kulia chakula askari wawili walikuwa wametandaza ubao wa kadibodi walioushusha kutoka juu ya kabati. Ulikuwa umefungwa kwenye shuka, na kwa macho ya polisi kitu kilichofungwa kwenye shuka juu ya kabati ni kitu kilichofichwa. Mama Cherehani ndiye aliyeufunga, kwa sababu ya vumbi, lakini hakuna aliyemuuliza. Kwenye ubao ule lilikuwa limechorwa ghala zima kwa rula na kalamu: lango kuu, safu za rafu, ofisi ya meneja, choo, kibanda cha mlinzi, na mishale midogo ya kuonyesha mlinzi anapita wapi akianza zamu na anakaa wapi akichoka.

"Ni mchezo, afande," alisema Mama Cherehani. "Wanacheza Jumamosi na wenzake. Anautunga mwenyewe."

"Mchezo kama drafti?"

"Ni zaidi ya drafti," Karani aliingilia kwa fahari kidogo, na mkewe akatamani kumfinya.

Askari hakucheka. Usiku wa kuamkia jana yake wezi walikuwa wameingia kwenye ghala lile. Mlinzi mzee, ambaye wote walimwita Mzee Sweta kwa sababu ya sweta jekundu asilolivua hata jua likiwaka, alipigwa nondo ya kichwa. Sasa alikuwa hospitali, anapumua lakini hasemi. Polisi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kwa wafanyakazi wote, na mpaka kufika pale walikuwa wameambulia soksi na vyombo tu.

"Mzee wa watu amepigwa," askari alisema polepole, "na wewe unaye hapa, mwekundu hivihivi. Njia yake yote umeichora. Wezi wako umewapanga. Halafu unaniambia drafti."

Mama yake Karani alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameshika fremu kwa mikono miwili. "Mwanangu huyu," alisema, "panya akiingia ndani anamfungulia mlango atoke."

"Mama, rudi ukalale," alisema Karani.

Walimbebesha ubao wake mwenyewe. Hawakumfunga pingu, kwa sababu angewezaje kubeba, lakini pingu zingekuwa afadhali. Alitembea katikati ya askari wawili mpaka kwenye gari lililokuwa limeachwa mwanzo wa mtaa, amekumbatia kadibodi, kete zikigonganagongana kwenye mfuko wa shati, na majirani walitoka wakasimama milangoni kama watu wanaosubiri kusalimiwa. Karani aliwasalimia kweli, mmojammoja. Hakuna aliyeitika.

Ndani, mteja alisema kwa sauti ndogo, "Mama Cherehani, nivue hili gauni basi."

Alipovuliwa hakuliacha. Alilikunja na pini zake, akaliingiza kwenye mkoba. "Si kwamba sikuamini," alisema. "Ila kitambaa ni cha sherehe ya wifi yangu, na hapa kwenu sasa hivi, unajua tena." Mama Cherehani alijua. Alimsindikiza mpaka mlangoni na kumshukuru, akarudi akakaa mbele ya cherehani bila kuwa na kitu cha kushona.

*

Mchana alifika tarishi wa ofisini kwa akina Karani. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ulifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Alisema ametumwa na meneja kuchukua funguo na sare za kampuni.

"Bado hawajamhukumu," alisema Mama Cherehani.

"Mimi natumwa tu, Mama."

Sare moja ilikuwa kabatini, imepigwa pasi. Ya pili ilikuwa kwenye kamba uani, inachuruzika maji. Mama Cherehani alisema aisubiri ikauke, au apite kesho. Tarishi alitazama chini akasema ameambiwa asirudi bila zote mbili. Basi akaianua yeye mwenyewe, akaikamua kwa adabu pembeni ya ukuta, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka huku mfuko unadondosha maji sebuleni. Mama Cherehani alipiga deki nyuma yake, na ndipo machozi yalipomtoka, kwenye tambara la deki, wala si pale mumewe alipochukuliwa.

Mdogo wake alimkuta hivyo. Kijana huyu aliitwa Spana, jina alilobaki nalo tangu alipokuwa gereji. Gereji yenyewe ilishamfukuza. Tangu hapo hakuwa na mbele wala nyuma, alikuwa mtu wa kulala mpaka jua limwamshe, na ni dada yake aliyembembeleza Karani amchukue kwenye ile michezo ya Jumamosi ili angalau awe na mahali pa kwenda. Karani alikubali bila kunung'unika. Alimpenda shemeji yake.

Siku ile Spana alikuwa mtu mwingine kabisa. Alimnyang'anya dada yake tambara akamalizia deki. Aliosha vyombo. Alijaza mapipa ya maji, akamkanda mama mkwe miguu, akamtengenezea redio iliyokuwa imekufa tangu zamani. Mama mkwe alimwombea dua ndefu. Mama Cherehani alimtazama akasema moyoni kwamba kumbe shida inamkomaza mtu, na akajilaumu kwa maneno yote aliyowahi kumtupia.

"Kesho twende wote kituoni," alimwambia. "Mtu mwingine wa kiume akiwepo wananisikiliza."

"Mimi nibaki na Mama," Spana alisema, mgongo umemgeukia, anakausha sufuria ambayo ilishakauka. "Hawezi kubaki peke yake na presha ile."

"Basi nitapita kwa Fundi Saa. Wao ndio wanaocheza naye. Wakaeleze."

"Dada, wale wazee waache. Watakuongezea matatizo."

"Matatizo gani yamebaki?"

Spana aliifunika ile sufuria kwa mfuniko usio wake.

*

Fundi Saa alikuwa na chumba nyuma ya duka lake, chenye meza ndefu moja na saa za ukutani ambazo hakuna hata moja iliyokubaliana na mwenzake. Humo ndimo walimokutana kila Jumamosi. Walikuwa watu wanne tu: Fundi Saa mwenyewe, Karani, Spana, na mwalimu mstaafu mmoja aliyeitwa Bi Hesabu, mwanamke mwembamba mwenye miwani mikubwa. Kila mmoja, ukiacha Spana, alikuwa anatunga mchezo wake. Wa Fundi Saa ulihusu foleni za magari. Wa Bi Hesabu ulihusu kugawana urithi, na ulikuwa umeshagombanisha watu mara mbili.

Mama Cherehani hakuwahi kuingia mle. Siku zote aliona ni utoto, ingawa utoto usio na pombe na usio na wanawake, kwa hiyo hakuupigia kelele. Sasa alisimama kati ya saa zote zile akawaambia Fundi Saa na Bi Hesabu yaliyotokea.

"Sisi ndio tuliomponza," alisema Fundi Saa. Aliketi bila kuangalia kama kuna kiti, bahati kilikuwepo. "Mwanzo ghala lake lilikuwa la kubuni tu. Tukamsema. Tukamwambia mlinzi wako hana akili, rafu zako hazina mpangilio, hatuamini hata kidogo. Akarudi wiki iliyofuata kachora ghala la kazini kwao. Ukanoga! Tukataka zaidi. Tukamuuliza mlinzi anakaa wapi akichoka. Akaenda akamuuliza mwenyewe."

"Mzee Sweta alijua?"

"Alijua na alifurahi," alisema Bi Hesabu. "Alituma mtu atuulize kama anashinda. Tukamjibu anashinda mara nyingi."

Mama Cherehani alimwona Mzee Sweta akilini mwake, kichwa kimefungwa bendeji.

"Nataka mje mseme kwamba ni mchezo," alisema. "Basi. Mimi nikisema wanaona mke anamtetea mume."

Bi Hesabu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga. "Kusema hakutasaidia, dada. Mtu asiyecheza huwezi kumweleza. Tukaucheze mbele yake."

*

Mpelelezi alikuwa na mafua na hakuwa na subira. Aliwakubalia, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu chai yake ilikuwa haijapoa. Ubao ulitandazwa kwenye meza yake, ukawekwa juu ya majalada. Karani aliletwa kutoka mahabusu akiwa hana mkanda wala kamba za viatu, anaburuta miguu ili viatu visimtoke, na mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali. Alipomwona mkewe aliuachia ule mkono ili amwamkie vizuri, kisha akaurudisha harakaharaka.

"Kaa pale," Bi Hesabu alimwelekeza kwenye benchi la mlangoni. "Mikono magotini. Unajua sheria."

"Sheria gani tena?" aliuliza mpelelezi.

"Mtunzi hasemi," alisema Bi Hesabu. "Mchezo wako ukichezwa, wewe unakaa pembeni. Huelezi, husahihishi, hujibu swali. Mchezaji akikosea unamwacha akosee, halafu unakwenda nyumbani kurekebisha. Mnunuzi hatakuchukua wewe pamoja na boksi."

Mpelelezi alicheka mpaka akakohoa. "Tangu jana tunamwomba aseme, nyie mnakuja kumnyamazisha."

Walianza. Fundi Saa alikuwa mlinzi, Bi Hesabu akashika kete nyeusi. Walitupa dadu, wakavuta kadi, wakasogea. Mwanzoni mpelelezi alisimama mikono nyuma, uso wa mtu anayepotezewa muda. Kidogokidogo akainama. Bi Hesabu alipotaka kupitisha mwizi kwenye njia ya katikati, mpelelezi alijikuta anasema, "Usipite hapo, anageuka huyo." Akaona aibu akanywa chai. Mama Cherehani, aliyekaa kwenye kona na mkoba mapajani, alianza kupumua. Ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho kwamba huu ni mchezo, na mzuri, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alimwonea mumewe fahari kwa kitu ambacho hakukielewa.

"Hata hivyo," alisema mpelelezi bila kuinua kichwa, "mchezo unaweza kuwa mpango pia. Mmoja hauzuii mwingine."

"Mume wangu alikuwa na funguo za ghala, afande," Mama Cherehani alisema. "Mwenye funguo avunje nini?"

"Mwenye funguo ndiye wa kwanza kushukiwa akizitumia. Kwa hiyo hazitumii."

Bi Hesabu wakati huo alikuwa amebanwa kila upande. Mlinzi alikuwa mbele yake, rafu nyuma yake. Aliutazama ubao kwa muda, akatabasamu, akainua kete nyeusi moja iliyokuwa chooni na kuipitisha ukutani, ikatokea moja kwa moja kwenye rafu.

"Napita mlango wa choo," alisema.

Mpelelezi aliweka kikombe chini. "Rudisha."

"Afande?"

"Rudisha hiyo kete ilipokuwa. Sasa pitisha tena." Bi Hesabu alifanya hivyo. "Mlango gani huo?"

"Huu hapa. Umechorwa kwa penseli."

Mpelelezi alimgeukia Karani. "Wewe. Huu mlango uko wapi kwenye ghala?"

Karani, Mungu amsamehe, alimtazama kwanza Bi Hesabu kumwomba ruhusa. Bi Hesabu alitikisa kichwa kukubali.

"Haupo, afande. Niliubuni. Mwizi alikuwa anashindwa kila mara, na mchezo ambao mtu mmoja anashindwa kila mara hauchezeki. Nikampa mlango."

"Nyuma ya ukuta wa choo kuna nini kwa kweli?"

"Tangi la maji. Kila mfanyakazi analijua, ndiko tunakonawa."

Mpelelezi alikaa. Alichomoa leso lakini hakupenga kamasi, aliishika tu. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na alisema jambo ambalo mpaka dakika ile hakuwa amemwambia mtu wa nje ya ofisi ile.

"Waliingia kwa dirisha la choo, lile la kichochoroni. Mlango wa kutoka chooni kwenda ndani una komeo la kitoto, mtu analisukuma kwa bega. Hawakuugusa. Walivunja ukuta wa nyuma. Wamebomoa plasta na matofali, wamekutana na tangi wakalitoboa. Maji yakamwagika yote. Mzee akasikia kishindo akaja na tochi, wakachanganyikiwa, wakampiga, wakakimbia. Hawakuondoka hata na balbu. Tangu hapo najiuliza ni mwizi gani anaacha mlango anavunja ukuta kutafuta maji."

Aliugonga ule mlango wa penseli kwa kidole.

"Walidhani mlango umezibwa kwa plasta," alisema. "Walijua kwamba upo."

Mama Cherehani alimwelewa nusu, na ile nusu ilimpa furaha iliyomfanya asimame. "Basi si mume wangu. Yeye anajua hakuna mlango. Mfanyakazi yeyote anajua."

"Si mume wako," mpelelezi alikubali. "Ni mtu aliyeuona ubao huu. Uliuchora lini huu mlango?"

"Jumamosi," alisema Karani. "Asubuhi hiyohiyo, kabla ya kwenda."

"Jumamosi hii iliyopita? Na baada ya hapo ubao ulikuwa wapi?"

"Juu ya kabati."

"Kwenye shuka," mkewe aliongeza kwa haraka. "Niliufunga mwenyewe aliporudi, haukufunguliwa tena mpaka polisi walipokuja." Alisema kwa nguvu kabisa, kama mtu anayesaidia.

Karani alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshaelewa. Aliiona Jumamosi ile yote: yeye kwenye kigoda karibu na mlango, mikono magotini, na Spana ameweka kidole juu ya ule mlango wa penseli. "Shemeji, huu unatokea kwenye rafu moja kwa moja?" Karani alitabasamu akakaa kimya. Moyo wake ulikuwa umejaa raha, maana mchezaji akiuliza hivyo ujue kitu kimemnasa. Spana akauliza tena, "Niambie tu, upo kweli?" Na Bi Hesabu akampiga kofi dogo la mkononi, akamwambia aache ujanja, mtunzi hasemi. Wote wanne walicheka.

"Nani walikuwepo Jumamosi?" aliuliza mpelelezi.

"Mimi," alisema Fundi Saa.

"Na mimi," alisema Bi Hesabu. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Na nani?"

Bi Hesabu alitazama dirishani. Fundi Saa alianza kukusanya kadi ambazo hakuna aliyemwomba azikusanye.

"Nimeuliza na nani."

"Afande," alisema Karani. Alisimama, suruali ikataka kumvuka, akaikamata. "Nirudishe ndani."

"Nini?"

"Nirudishe mahabusu. Nimemaliza kusema."

Mpelelezi alimkodolea macho. Katika miaka yake ya kazi alishasikia watu wakiomba vitu vingi wakiwa kwenye benchi lile, lakini hicho hakuwahi kukisikia. Mama Cherehani pia alimkodolea. Alitaka kumfokea, kumuuliza kama amerukwa na akili, mtu anafunguliwa yeye anang'ang'ania kufungwa. Ndipo Karani alipomtazama. Hakumtazama kwa muda mrefu, na mara moja akakwepesha macho, lakini kwenye macho yale mkewe aliona huruma, na huruma hiyo haikuwa ya mtu anayejionea mwenyewe. Alikuwa anamwonea yeye.

Mama Cherehani aliketi. Aliketi taratibu sana. Alimwona mdogo wake amempa mgongo jikoni anakausha sufuria kavu. Alimwona anakanda miguu ya mama mkwe. Toka walipokuwa wadogo hakuwahi kumwona akiosha kikombe bila kuambiwa, na kwa siku nzima ya jana alishukuru Mungu kwa jambo lililopaswa kumshtua. Alisikia mtu anapiga chapa chumba cha pili, ta-ta-ta, na akashangaa kwamba kuna mtu duniani anaendelea na kazi.

"Mdogo wangu," alisema.

"Mke wangu, nyamaza," alisema Karani.

"Mdogo wangu alikuwepo. Hakosi Jumamosi. Mimi ndiye niliyekuomba umchukue." Alimgeukia mpelelezi, akarudia neno kwa neno, wazi kabisa, kama anavyowarudishia wateja vipimo vyao ili asikosee. "Mdogo wangu wa tumbo moja."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwangu. Nimemwacha anamchemshia mama mkwe maji ya kuoga."

*

Gari liliachwa mbali na nyumba safari hii pia. Karani alikuwa amerudishiwa mkanda lakini si kamba za viatu, zilikuwa hazionekani, na alishuka akiburuta miguu vilevile. Askari wawili walipita kichochoroni kwenda nyuma. Wengine wawili walijibanza ukutani pande zote mbili za mlango. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa ndani, maana tangu jana majirani walikuwa wanachungulia.

"Akisikia sauti ya kiume hafungui," mpelelezi alisema kwa kunong'ona. "Atakufungulia wewe."

"Si lazima ubishe wewe," Karani alimwambia mkewe. Alimshika kiwiko. "Wana nguvu zao, wavunje tu. Mlango nitautengeneza."

"Mama yako yuko ndani. Wakivunja presha inapanda, na huyu atapita dirishani ajikate." Aliutoa mkono wa mumewe kwa upole. "Anaogopa vishindo huyu, tangu utotoni."

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaitengeneza vizuri begani, akabisha mara tatu, alivyobisha siku zote.

"Nani?" Spana aliuliza kutoka ndani.

"Mimi."

Komeo likavutwa bila kusita. Spana alitokea mikono ya shati imekunjwa, taulo la mama mkwe begani, mvuke wa maji ya moto ukimfuata kutoka uani. Alimwona dada yake tu, na nyuma yake, hatua chache, akamwona shemeji yake amesimama juani bila pingu. Uso wote ukamfunguka. Haikuwa furaha ya kuigiza. Kwa siku mbili alikuwa amelia chooni kwa ajili ya mtu huyu.

"Wamemwachia, Dada?"

"Wamemwachia," alisema dada yake, akasogea pembeni ili wapite.